Dawa ya kuua viluwiluwi wa mbu: wananchi wanahofia nini, na ukweli ni upi?

Miaka michache iliyopita nilisoma tangazo katika kipindi cha asubuhi. Halmashauri moja ya mkoa wetu iliwajulisha wananchi wa vijiji vya bondeni kwamba wahudumu wangepita kunyunyiza dawa ya kuua viluwiluwi wa mbu kwenye madimbwi, na iliwaomba watoe ushirikiano. Wahudumu walipita kweli. Wiki iliyofuata wakapita tena. Baada ya hapo hawakuonekana.

Kabla mwezi haujaisha, mama mmoja alipiga simu studio. Halmashauri hakuitaja hata mara moja. Alinitaja mimi. "Mwanangu, wale vijana wako wa dawa wamepotelea wapi? Mbu wamerudi, na wewe ndiye uliyetuambia tuwaruhusu."

Sikuwa na jibu. Tangu siku hiyo, kila ninapokwenda vijijini kurekodi, huwa nauliza watu wanaionaje dawa hii. Ni wachache wanaokataa mbu asiuawe. Wengi wana maswali ambayo hakuna aliyewajibu. Makala hii inajaribu kuyajibu.

Kwa ufupi

• Dawa hii huwekwa kwenye maji ili kumuua mbu akiwa mchanga, kabla hajaruka.
• Dawa za kibaiolojia zinazotumika kwa kazi hii haziui samaki, mifugo wala mpunga.
• Nguvu yake ni ya siku chache. Kwenye madimbwi ya wazi hurudiwa kwa kawaida kila wiki.
• Ni nyongeza tu. Chandarua chenye dawa bado ni lazima.

Kiluwiluwi ni nani?

Tuanze na jina, kwa sababu linachanganya. Sehemu nyingi neno "kiluwiluwi" hutumika pia kwa mtoto wa chura, yule mweusi mwenye kichwa kikubwa na mkia. Kwa hiyo mtu akisikia "tunakuja kuua viluwiluwi", wengine hushangaa: chura amekosa nini? Mzee mmoja alinieleza kwamba vyura wakiisha, mbu watazidi, kwa kuwa chura hula wadudu. Hoja yake ilikuwa nzuri, ila ilimhusu kiluwiluwi mwingine. Dawa tunayoizungumzia haimuui mtoto wa chura.

Kiluwiluwi wa mbu ni kama kijiti kidogo chenye kichwa, kinachojipinda-pinda ndani ya maji. Mbu jike hutaga mayai kwenye maji, na baada ya siku chache mayai huanguliwa. Viluwiluwi hula, hukua na kujivua ngozi mara kadhaa. Kisha hugeuka kuwa pupa, aliyejikunja kama alama ya mkato, ambaye huogelea lakini hali chochote. Siku mbili hivi baadaye mbu kamili hutoka na kuruka. Safari yote, kutoka yai hadi mbu, huchukua takribani siku 7 hadi 14 kutegemea joto. Maji yakiwa ya vuguvugu, huenda haraka zaidi.

Ukitaka kuwaona, chota maji ya dimbwi kwa bakuli jeupe na utulie kidogo. Kiluwiluwi wa Anofelesi, mbu anayeambukiza malaria, hulala bapa sambamba na uso wa maji. Kiluwiluwi wa kuleksi, yule mbu wa vyooni na mitaro michafu, huning'inia kichwa chini. Tofauti hii ikumbuke, tutairudia.

Dawa yenyewe hufanya kazi vipi?

Dawa inayofahamika zaidi hutokana na bakteria wa udongoni anayeitwa Bacillus thuringiensis israelensis, kwa kifupi Bti. Nyingine hutokana na bakteria wa jamii hiyo, Bacillus sphaericus, ambaye hustahimili zaidi maji machafu. Hutengenezwa kama maji ya kunyunyiza kwa bomba, au kama chenga za kumwaga kwa mkono.

Bakteria hawa hubeba chembe za sumu ambazo peke yake hazina kazi. Kiluwiluwi anapozila, mazingira ya tumbo lake huziamsha. Zinapasua utumbo wake, naye hufa, mara nyingi ndani ya siku moja. Tumbo la samaki, la ng'ombe na la binadamu haliko hivyo. Wadudu wengine wanaoweza kudhurika ni wachache, hasa ndugu wa karibu wa mbu kama visubi.

Kuna mambo mawili hapa ambayo wahudumu mara nyingi husahau kuyasema, nayo ndiyo huzaa lawama baadaye. La kwanza, dawa humuua anayekula. Pupa hali, kwa hiyo hafi. Ukichungulia dimbwi siku moja baada ya kunyunyiziwa na kuona wadudu bado wanacheza, usiseme dawa ni feki. Huenda unaona pupa waliokwisha kukua kabla dawa haijafika. La pili, jua na mvua huimaliza nguvu ya Bti katika siku chache, na mbu hurudi kutaga palepale. Ndiyo maana kazi ya wiki mbili haitoshi. Mama aliyenipigia simu alikuwa sahihi kabisa.

Nchini Tanzania dawa za aina hii hutengenezwa katika kiwanda cha Kibaha, mkoani Pwani, kilichojengwa kwa teknolojia ya Cuba chini ya Shirika la Maendeleo ya Taifa, NDC. Mwaka 2017 Rais John Magufuli alikitembelea kiwanda hicho na kuzitaka halmashauri zinunue dawa hiyo. Ndipo neno "dawa ya viluwiluwi" lilipoanza kusikika vijijini ambako zamani halikuwepo.

Dimbwi la mbu ni maji ya mtu

Afisa afya akitazama dimbwi huona mazalia ya mbu. Mwenye kijiji akilitazama huona maji ya kufulia, ya kunyweshea ng'ombe, ya kumwagilia mchicha wakati wa kiangazi, pengine hata ya kupikia. Hapo ndipo ugomvi mwingi huanzia.

Watafiti waliofanya kazi katika bonde la Kilombero, wilaya za Kilombero na Ulanga, wameeleza kwamba aina moja ya Anofelesi, inayoitwa funestus, ndiyo yenye sehemu kubwa ya maambukizi huko. Mbu huyu hapendi vidimbwi vya kupita. Hupenda maji yanayokaa muda mrefu, safi kiasi, yenye majani: vidimbwi vya chemchemi, mabwawa ya asili, na kingo za vijito ambako maji huenda polepole. Hayo hasa ndiyo maji ambayo watu huyategemea mvua zinapokatika. Watafiti walipouliza, walikuta mengi ya mazalia hayo yana watumiaji. Na wananchi walipotakiwa kuchagua, wengi waliona heri dawa kuliko kufukia au kukausha, mradi wahakikishiwe kuwa dawa ni salama.

Hili lina funzo kwetu sote tunaotoa matangazo. Kwa miaka mingi tumekuwa tukisema redioni, "Fukieni madimbwi!" Shimo la kifusi lisilo na kazi, lifukiwe. Lakini kumwambia mama afukie dimbwi linalomwagilia bustani yake ni kumwambia afukie ada ya shule ya mtoto. Atanyamaza, ataitikia, na hatafukia. Tusimwite mkaidi.

Maswali yanayoulizwa mara nyingi

Je, ng'ombe wakinywa maji hayo watakufa?
Hapana, iwapo dawa ni ya kibaiolojia na imewekwa kwa kipimo chake. Shirika la Afya Duniani, WHO, limeikubali Bti, kwa aina zilizopimwa, itumike hata katika maji ya kunywa yanayohifadhiwa kwenye vyombo. Hata hivyo zipo dawa nyingine za viluwiluwi ambazo ni kemikali. Kwa hiyo una haki ya kuuliza jina la dawa na kuonyeshwa kopo lake.

Je, itaunguza mpunga wangu?
Hofu hii inaeleweka. Mkulima anajua mtu mwenye bomba mgongoni ni mtu wa kiuagugu, na kiuagugu kikikosewa kipimo humaliza shamba. Bti haina uwezo wa kuua mmea. Ila hakikisha bomba lililotumika halikubeba kiuagugu jana yake. Bomba la dawa hii liwe la kazi hii tu.

Je, ni mpango wa kutufanya tusizae?
Uvumi wa aina hii si mgeni. Vyandarua vyenye dawa vilipoanza kusambazwa, navyo vilisemwa kupunguza nguvu za kiume. Bakteria huyu hafanyi kazi katika mwili wa binadamu. Lakini nimegundua kwamba uvumi hukua pale ambapo wahudumu ni wageni, hawakupita kwa mwenyekiti, hawakuitisha mkutano, na wanaulizwa swali huku wakikimbilia dimbwi lingine. Kumdharau anayeuliza ni kuulisha uvumi.

Je, nikimwaga oili chafu si ni yale yale?
Utando wa oili huziba pumzi ya kiluwiluwi na kumuua, ni kweli, na zamani mafuta yalitumika sana. Lakini oili chafu ya gari huharibu maji, samaki na udongo. Usiimwage kwenye maji ambayo mtu, mnyama au mmea wa chakula huyatumia.

"Mbona mbu bado wananiuma?"

Hili ndilo swali linaloivunja kazi katikati. Mwananchi haoni vimelea vya malaria. Anachopima ni usingizi wake. Wakija wahudumu, wakanyunyiza mwezi mzima, na usiku bado anapigwa na mbu, atasema dawa haifanyi kazi, na safari ijayo hatafungua mlango.

Mara nyingi anaoumwa nao ni kuleksi, waliozaliwa katika shimo la choo, karo la maji machafu au mtaro uliooza. Kama kazi ililenga madimbwi ya Anofelesi peke yake, kuleksi hawakuguswa. Maambukizi ya malaria yanaweza kupungua huku kelele za mbu sikioni zikibaki zile zile.

Wataalamu wengine hushauri vyoo na makaro nayo yashughulikiwe, hata kama si chanzo cha malaria, ili wananchi waone nafuu na kuendelea kuiamini kazi. Zipo njia zisizo za dawa. Huko Makunduchi, Zanzibar, miaka ya 1980 mwishoni, watafiti waliokuwa wakipambana na matende walimwaga punje za plastiki nyepesi kwenye vyoo vya shimo vyenye maji. Punje zilielea na kufunika uso wa maji, mbu wakakosa pa kutagia na viluwiluwi wakakosa pa kupumulia.

Na hata kwa Anofelesi, matokeo huchelewa. Mbu wakubwa waliokuwa wakiruka kabla ya dawa wataendelea kuishi hadi wafe wenyewe. Mtu aliyeumwa wiki iliyopita anaweza kuugua wiki ijayo. Atakayekuahidi nafuu ndani ya siku tatu anakudanganya.

Dar es Salaam: kazi ya nyumba kumi

Mradi mkubwa unaozungumzwa zaidi nchini ulifanyika Dar es Salaam kuanzia mwaka 2004. Kwanza mazalia yalichorwa kwenye ramani, kisha mwaka 2006 dawa ikaanza kunyunyizwa katika kata 3, na kufikia mwaka 2008 ikafika kata 15 za manispaa za Ilala, Kinondoni na Temeke. Watafiti walipowapima wakazi, waliona maambukizi yamepungua katika maeneo yaliyonyunyiziwa.

Kinachotuhusu hapa ni watu waliofanya kazi. Walikuwa wakazi wa kawaida, waliopatikana kupitia viongozi wa mitaa na kulipwa posho ndogo, na maeneo yao yaligawanywa kwa kufuata mipaka ya mabalozi wa nyumba kumi. Walikagua mifereji, mashimo, mabonde, na hata mitaro ya maji kati ya matuta ya viazi vitamu, ambayo jijini ilikuwa chanzo kikubwa cha mbu.

Tathmini zilionyesha pia udhaifu. Mhudumu aliyepangiwa mtaa asiouzoea aliyakosa mazalia mengi. Nyumba zenye uzio zilimshinda, kwa sababu geti lilifungwa, au mlinzi na mbwa hawakumjua. Hata hodari wa kazi, akiwa mgeni, dimbwi lililo nyuma ya ukuta alilipita. Mtoto wa mtaa huo huo angefunguliwa kwa kuitwa jina.

Rwanda: wakulima wa mpunga wenyewe

Kwa sisi wa mabonde ya mpunga, mfano wa karibu zaidi ni Ruhuha, wilaya ya Bugesera, mashariki mwa Rwanda. Mwaka 2015 wakulima wa mpunga walipewa mafunzo ya kunyunyiza Bti katika majaruba yao wenyewe. Sehemu nyingine kazi ilisimamiwa na wataalamu, ili kulinganisha. Viluwiluwi walipungua kote kuwili, na wakulima walioulizwa waliikubali kazi hiyo.

Sababu haihitaji utafiti mkubwa kuielewa. Mkulima huwa shambani hata hivyo. Anajua jaruba lipi lina maji leo na lipi limekauka. Na akiulizwa na jirani kama dawa inaunguza mpunga, anamwonyesha wa kwake. Huku kwetu, wananchi wa Mvomero walipohojiwa na watafiti kuhusu dawa hii, wengi waliiunga mkono, na wapo waliosema wako tayari kuchangia gharama.

Wapi inafaa, wapi haifai

WHO inashauri dawa ya viluwiluwi itumike pale ambapo mazalia ni machache, hayahamihami, na yanapatikana kwa urahisi. Mjini mara nyingi ndivyo ilivyo. Kijijini wakati wa masika, kila unyayo wa ng'ombe, kila tairi la trekta na kila shimo la matofali hujaa maji. Hakuna atakayeyamaliza yote, na fedha zitaishia njiani.

Kiangazi mambo hubadilika. Maji hubaki sehemu chache ambazo wenyeji wanazijua kwa majina. Hapo kazi inaweza kuwa na maana hata kijijini. Mwenye ramani hiyo kichwani ni wewe, mchungaji wa ng'ombe, mvuvi wa kambare, na mtoto anayekwenda kuchota maji.

Ziko pia hatua zisizo na gharama kubwa. Kwenye mpunga, kukausha jaruba kwa siku chache kisha kurudishia maji huwaua viluwiluwi, pale ambapo mfereji unaruhusu na wenzako mmekubaliana zamu. Mashimo ya matofali yasiyotumika yafukiwe na waliochimba.

Na chandarua kisiachwe. Kiwango cha malaria kwa watoto wa chini ya miaka 5 nchini kilishuka kutoka asilimia 18.1 mwaka 2008 hadi asilimia 8.1 mwaka 2022, na vyandarua, vipimo na dawa za mseto vina mchango mkubwa. Kama dimbwi limenyunyiziwa na wewe ukalala bila chandarua, mbu mmoja aliyetoka kitongoji cha jirani anatosha. Ukipata homa, nenda zahanati ukapime mapema.

Wahudumu wakija kijijini kwako, uliza haya

1. Dawa hii inaitwaje, na ni ya kibaiolojia au ni kemikali?
2. Mtarudi baada ya siku ngapi, na kwa miezi mingapi? Fedha za miezi hiyo zipo?
3. Ni nani wa kitongoji chetu atakayeifanya kazi hii, na tumemchagua wapi?
4. Maji yetu ya kunywa, ya ng'ombe na ya bustani mmeyaorodhesha?
5. Mtashughulikia vyoo na makaro, au madimbwi peke yake?
6. Tukiona dimbwi limesahauliwa, tumpigie nani simu?

Uliza kwenye mkutano wa kijiji, mbele ya mwenyekiti na mtendaji, ili majibu yaandikwe.

Siku hizi, likiletwa tangazo la aina hii studio, swali la pili na la sita nayauliza mimi kwanza, kabla sijafungua maikrofoni. Nikipewa jina na namba ya simu ya mhusika, nazisoma hewani mara mbili. Nisipopewa, nawaambia wasikilizaji kwamba niliuliza na sikujibiwa. Mama yule bado hunisikiliza, na bado anamwagilia mchicha kwa maji ya dimbwi lile lile. Safari ijayo akinipigia, nataka niwe na jibu.